Maswali Uliyomuuliza Bi Kidawa

Mkamwana wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Natanguliza kuitikia kwa sababu najua ukiiona hati yangu utaniamkia, hata kama umekaa peke yako huko Mtwara, nyuma ya kaunta ya kantini ya chuo chenu. Hati imepinda, usiitie moyoni. Naandika nimeegemea mito, mistari michache asubuhi, mistari michache baada ya alasiri, na katikati nalala. Miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa. Figo zimechoka, ndivyo alivyosema daktari, nami sikumbishia. Zimefanya kazi muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia, na aliyeziongezea muda huo ndiye ninayemwandikia.

Labda utajiuliza kama inafaa mzee kumwandikia mwanamke aliyeachana na mwanawe. Inafaa. Wewe na Hemedi mliachana bila matusi, ukakaa eda, ukaenda zako. Talaka ilivunja ndoa yenu nyinyi wawili. Haikuvunja ukwe wangu na wako. Mimi ni baba yako mpaka naingia kaburini, na dini yenyewe ndiyo iliyoniweka hapo. Wala barua hii siifichi. Nimemwomba wifi yako Rehema abaki na nakala yake, aisome mbele za watu, siku ambayo nitaitaja mwishoni. Nina jambo la kukiri, na kwa kuwa waliolisema vibaya walikuwa wengi, nataka walisikie wengi.

Unakumbuka ulivyokuja kuniaga. Bajaji ilikuwa inakungoja barabarani na mabegi yako yamekwisha kupakiwa. Ulipiga magoti pale sebuleni, ukatazama mkeka, ukasema, "Baba, kama nilikuvunjia heshima kwa maneno yangu ya mezani, naomba radhi." Hemedi alikuwa amesimama mlangoni. Nikakuambia uende salama. Basi, hilo tu. Ukaondoka Mafia ukiamini kwamba waliyoyasema watu wa Utende ni kweli: kwamba ulikuwa ukimhesabia baba mkwe wako matonge.

Kwetu hapa hakuna aibu ya mkwe inayopita hiyo. Bora aitwe mvivu, bora aitwe mchoyo wa nguo. Sitaki nife neno hilo limebaki juu yako.

Turudi nyuma kidogo, ili na wasikilizaji waelewe. Nilipoambiwa nina kisukari, na presha juu yake, pale hospitalini Kilindoni nilipewa maagizo mepesi kuyasikia: punguza chumvi, punguza sukari, punguza mafuta. Muuguzi aliongeza kwamba chumvi ya mtu kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Nikaitikia kama mwanafunzi mzuri. Nilifundisha hesabu maisha yangu yote ya kazi. Kijiko kimoja ni kijiko kimoja. Kilichonishinda ni kwamba kijiko chenyewe sikukitia mimi. Alikitia mtu mwingine jikoni, mimi nikaletewa sahani imekwisha kupambwa. Nyumbani ulipika wewe, na mkono wako niliuamini. Lakini siku za kliniki nilitakiwa nipimwe na tumbo tupu, nikitoka maabara natetemeka kwa njaa, na mgahawa wa Bi Kidawa uko mkabala na lango. Harufu ya maharage yake ya nazi ilinipokea kabla sijamaliza kukunja kile kikaratasi cha majibu.

Na Bi Kidawa nani amuulize? Kwetu chakula cha mtu hakiulizwi. Ukiletewa, unakula; usipokitaka, unatafuta udhuru wa tumbo. Kuuliza kilichomo ni kama kumwambia mpishi kwamba humwamini, na mwenye roho nyepesi atafikiri unamshuku mambo mengine makubwa zaidi. Nilikuwepo siku kijana mmoja mgeni, mwenye begi mgongoni, alipomuuliza kwa adabu zake zote, "Mama, haya maharage yana chumvi na mafuta kiasi gani?" Bi Kidawa aliinyanyua ile sahani kutoka mbele yake, mvuke bado unapanda, akasema, "Kama unaogopa chakula cha watu, mwanangu, kapike kwako." Kijana akaenda kununua biskuti. Sisi tuliobaki tulicheka, mimi nikiwa na chapati mdomoni.

Hemedi alikuwa na kazi yake ya unahodha, kila asubuhi anawapeleka wageni wa hoteli kutazama potwe, wale papa wakubwa wasiouma, kwa hiyo kazi ya kunisindikiza kliniki ikakuangukia wewe, siku zako za mapumziko. Nakumbuka mara ya kwanza. Tuliingia kwa Bi Kidawa, na wote wawili tukaona haya, maana mkwe na baba mkwe hawaketi meza moja. Ukapata ufumbuzi wa haraka: ukakaa mwisho wa benchi, umenigeuzia ubavu, kanga umeivuta mpaka kwenye paji la uso, kama vile umekuja peke yako na mimi nimekuja peke yangu. Mimi nikaagiza chapati mbili, sahani ya maharage na chai ya maziwa. Wewe ukaagiza kibakuli kidogo cha maharage yaleyale na chai ya rangi.

Ungekuwa binti yangu wa kuzaa ungeninyang'anya ile sahani. Rehema amefanya hivyo mara nyingi, na kila mara nimemtazama kwa jicho baya na kuirudisha. Lakini mkwe hamkatazi baba mkwe wake chakula. Hilo halipo. Kwa hiyo ulichota kijiko kimoja kwenye kibakuli chako, ukakila polepole, ukasema, bila kunigeukia, "Bi Kidawa, mkono wako huu! Humu umetia nini? Nami nikapike, nisifiwe kwangu."

Yule yule aliyemfukuza kijana wa begi aliacha jiko, akajifuta mikono kwa kanga, akaja kukaa karibu yako.

"Mwanangu, siri ni nazi. Nazi tatu kwa sufuria, na tui zito lote namimina. Sina mambo ya tui jepesi mie."

"Na chumvi? Maana imekolea hasa."

"Vijiko vikubwa vinne. Halafu navunja vile vidonge vya mchuzi. Usimwambie mtu."

"Na sufuria moja linalisha wangapi, bibi?"

"Kumi na wawili, nikiwa na huruma."

Ukamshukuru. Ukanywa chai yako huku unatazama barabarani. Hukunitupia jicho hata mara moja.

Na mimi, Zuhura, mikono ilikuwa imekwisha kukata tonge la pili la chapati, lakini kichwa kilikuwa kimerudi ubaoni. Kijiko kikubwa kimoja ni vijiko vitatu vya chai. Vinne ni kumi na viwili. Watu kumi na wawili. Mbele yangu palikuwa na chumvi ya siku nzima, kabla sijagusa vidonge vya mchuzi, kabla ya chapati, kabla ya chakula cha mchana na cha usiku. Nikala nusu. Nikaisukuma sahani kando, nikasema nimeshiba. Bi Kidawa akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi, nimeshiba, alhamdulillahi. Njiani kurudi Utende ulinizungumzia habari za paa linalovuja.

Mara ile ya kwanza nilidhani ni bahati tu. Nilidhani kweli unataka kujua kupika maharage. Mara ya pili ulipomsifia juisi yake ya ukwaju, ukamuuliza amefanyaje hata ukali wote ukaisha, naye akajibu kwa fahari kwamba ametia kilo nzima ya sukari kwenye ndoo ndogo, hapo nikaamka. Wewe ulisomea mapishi chuoni Dar es Salaam. Wewe ndiye uliyekuwa unashika stoo ya jikoni katika hoteli ya hapa Utende, unapima unga na siagi kwa mizani. Hukuwa na haja ya kufundishwa juisi ya ukwaju na mtu yeyote. Ulikuwa unauliza ili mimi nisikie. Ukishauliza unaninyamazia, mahesabu yabaki yangu na uamuzi ubaki wangu, na hapo heshima yangu haijaguswa hata ukucha.

Hilo ndilo jambo ninalolikiri: nilijua. Nilijua tangu glasi ile ya ukwaju, na sikukuambia. Tena nilifanya zaidi ya kujua. Nikaanza kuagiza vitu makusudi ili uviulize. Unakumbuka nilivyoagiza samaki wa kukaanga, mimi ambaye miaka yote sikuwa na hamu naye? Nilitaka kujua. Ukasema, "Mafuta haya yametoa rangi nzuri, Bi Kidawa, ni ya leo?" Akajibu, "Ya leo wapi! Ya tangu juzi haya, ndiyo maana yana ladha." Nikasema nimeshiba kabla sijamgusa hata mkia. Wewe ukaificha midomo kwa kanga, na mpaka leo nadhani ulikuwa unacheka. Nikaagiza supu ya pweza, nikaagiza vitumbua, nikaagiza kalimati. Kila nilichokitilia shaka nilikiita mezani kama shahidi, na wewe ukamhoji. Watu wakadhani mzee amekuwa mlafi. Mzee alikuwa anasoma.

Na jambo moja nililolipenda ni kwamba hukuwahi kusifia uongo. Maharage yale yalikuwa matamu kweli. Ukwaju ulikuwa mtamu kweli. Ulimpa Bi Kidawa haki yake kwanza, halafu ndipo ukauliza. Nimewahi kuwasikia wataalamu wakizungumza na wapishi wetu kana kwamba wanazungumza na mtuhumiwa, na nimewaona wapishi wakifunga midomo. Wewe ulimfungua mtu kwa kumpa anachostahili. Sikuwahi kuona mwalimu aliyekufikia kwa hilo, na nimefanya kazi na walimu wengi.

Kisha ile siku ya kantini ya hoteli. Mlialikwa wafanyakazi na jamaa zenu, na chakula kilipangwa juu ya meza ndefu, mbele ya kila sinia kadi ndogo nyeupe. Kadi zile uliziandika wewe kwa ajili ya wageni, maana wageni wa nje wanapenda kujua. Nishati kiasi fulani, mafuta kiasi fulani, sukari, chumvi. Nilivaa miwani, nikasimama mbele ya samaki wa nazi, nikasoma: chumvi, gramu moja. Moyo ukafurahi. Gramu moja! Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba kile kijiko cha muuguzi ni kama gramu tano, kwa hiyo nikajipakulia bila woga. Nikajiona nimehitimu.

Wewe ulikuwa umesimama upande wa pili wa meza, na sare yako ya kazini. Ukamwita yule kijana wa kupakua, ukamuuliza kwa sauti ya kikazi kabisa, "Sahani moja ya samaki na mchuzi wake, siku hizi inafika gramu ngapi?" Akasema zinafika mia nne. Ukasema vizuri, ukaondoka kwenda kutazama sambusa.

Nikairudia kadi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema: kwa kila gramu mia. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliyewaambia watoto kizazi kwa kizazi kwamba namba isiyo na kipimo chake haisemi kitu, nilisoma namba nikasahau kuiuliza ni ya kiasi gani. Gramu moja ilikuwa gramu nne. Nilisimama na sahani mkononi, natamani kucheka peke yangu. Nikakirudisha kipande kimoja kwenye sinia, nikamwaga mchuzi, nikaongeza mchicha.

Baadaye Hemedi aliniambia kwamba wiki ile ulikwenda kwa meneja ukazibadilisha kadi zote. Akasema ulimwambia, "Mgeni hali gramu mia, anakula sahani," na kwamba meneja alibisha, kisha akashindwa. Tangu hapo kadi zikaandikwa kwa sahani moja. Hemedi alinisimulia kwa fahari, mwanangu. Nataka ulijue hilo pia. Kuna wakati alikuonea fahari sana.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, na mahali lilipotoka.

Lilitoka barazani kwetu, na lilipita mdomoni mwangu. Mzee Bakari, jirani yetu, ambaye utani wake mnaujua, aliniambia siku moja mbele ya wenzetu, "Mwalimu, nasikia mkweo akifika kwa Bi Kidawa anauliza mpaka idadi ya maharage." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na raha zangu siku ile, majibu ya kliniki yalitoka mazuri, na nilitaka kukusifia bila kuonekana nakusifia. Nikajibu, "Mwacheni ahesabu. Nyumba ya mwalimu wa hesabu, mlitaka afanye nini?" Nilidhani nimejigamba. Nilidhani wamesikia: nina mkwe mwenye akili. Wao walisikia mzee analalamika kwa mzaha, kama wazee wanavyolalamika wakiwa hawataki kuwaaibisha watoto wao. Kufika jioni ile, Utende nzima ilikuwa inajua kwamba Mwalimu anahesabiwa matonge na mkwewe. Wakati wewe na Hemedi mlipoanza kutoelewana kwa mambo yenu mengine, neno hilo likaokotwa, ukatupiwa wewe.

Kwa hiyo wasikie leo. Hakuna aliyenihesabia. Niliyekuwa nahesabu ni mimi. Zuhura aliniletea namba kwa adabu, kama mtu anayemletea mzazi maji ya kunawa: anakuinamishia birika na kunyamaza, mikono unanawa mwenyewe.

Ulipoondoka nilipata tabu. Rehema ndiye aliyenisindikiza, na Rehema anajulikana. Siku ya kwanza tu alimwambia Bi Kidawa, "Baba haruhusiwi chumvi," na Bi Kidawa akamjibu kwamba jikoni kwake haruhusiwi mtu anayepiga kelele. Nikaona hapana, lazima nijifunze kuuliza mwenyewe. Nikaonja, nikasifia, nikauliza ametia nini. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mwalimu, unatafuta mke au unatafuta kazi ya jikoni?" Mgahawa wote ukaangua kicheko. Nikavumilia. Nikauliza tena mwezi uliofuata. Nikawa nauliza hata kwenye harusi na maulidi, kabla watu hatujakaa wanne wanne kuzunguka sinia, mahali ambapo wewe usingeweza kuwepo. Nikajifunza kula upande wangu wa sinia, na kuujua mwisho wake. Hayo yote ni masomo yako, ingawa hukuyaona.

Sasa nikuchekeshe, kabla sijachoka.

Mara ya mwisho nilipoweza kwenda Kilindoni kwa miguu yangu, nilimwambia Bi Kidawa ukweli. Nilimwambia kwamba Zuhura hakuwa anataka kujifunza mapishi, alikuwa anauliza kwa ajili yangu, na kwamba sote wawili tulimficha, na namwomba radhi. Aliweka mwiko chini. Nilidhani atanifukuza kama yule kijana wa begi.

"Mwalimu," akasema, "wewe unanionaje mimi? Mtoto anasifia maharage yangu kila mwezi, anauliza chumvi ileile kila mwezi, na wewe umekaa pembeni unatoa macho kama jogoo. Mimi sina ndugu mwenye sukari? Nilijua siku ya pili."

Akauokota mwiko wake, akaendelea.

"Tena tangu siku ile ya pili hukula kutoka sufuria kubwa. Nilikuwekea sufuria dogo pale nyuma, tui jepesi, chumvi kidogo. Yeye nikimtajia, namtajia la kubwa, maana ndilo alilouliza."

Basi tazama, Zuhura. Wewe unauliza chumvi ya sufuria kubwa. Mimi napiga hesabu ya sufuria kubwa, naacha nusu sahani. Na sahani yenyewe imetoka sufuria dogo ambalo limekwisha kupunguzwa. Bi Kidawa akiona nimebakisha nusu, anajiambia bado imezidi, na mwezi unaofuata anapunguza tena. Nami nikionja naona maharage yanazidi kupooza, najiambia ni ulimi wangu umezeeka. Tuliendelea hivyo miaka, watu wazima watatu, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote tunalijua. Tulicheka mimi na Bi Kidawa mpaka akanishika mkono nisianguke kwenye benchi. Kisha akafuta macho akauliza, "Na yeye yuko wapi sasa?" Nikamwambia uko Mtwara. Akasema, "Waseme wasemavyo. Mkwe kama yule nisingempata hata kwa nadhiri."

Sufuria lile dogo bado lipo. Siku hizi halipo nyuma tena, limewekwa mbele, na wanaotoka kliniki wanaliagiza kwa jina. Wanasema, "Nipe la Zuhura." Wengi wao hawakujui. Na Bi Kidawa, ambaye zamani hakuulizwa, sasa anakutajia kilichomo kabla hujafungua mdomo, chumvi, nazi, mafuta, kwa sauti ya mtu anayetaja watoto wake waliofaulu. Sasa, mtu aliyefanya hayo bila kumgombeza yeyote, bila kubandika tangazo, bila kumshushia mzee heshima, nitamwitaje? Nilikuwa na digrii ya ualimu ukutani. Ningependa yako iwe juu yake.

Wiki iliyopita daktari alizungumza na Rehema nje ya mlango, kwa sauti ya chini, na Rehema akaingia macho mekundu. Akaniambia nimeruhusiwa kula chochote ninachotaka. Mtu wa hesabu anaelewa maana ya ruhusa ya namna hiyo. Sikuogopa. Nilifikiri nitaomba chapati mbili, sahani ya maharage ya sufuria kubwa, na juisi ya ukwaju yenye kilo nzima ya sukari. Rehema akaagiza kila kitu kutoka Kilindoni. Nikaonja maharage yale, Zuhura, na yalikuwa na chumvi mpaka macho yakanitoka machozi. Nikamuuliza kama hakuna ya lile sufuria dogo. Hivyo ndivyo ulivyoniharibu. Mwishoni nimepewa uhuru wa kula nitakacho, na nitakacho ni maharage yako ya tui jepesi.

Sasa siku niliyosema nitaitaja. Barua hii isomwe siku ya hitima yangu, nikishazikwa, baada ya dua, kabla pilau halijapakuliwa. Nimeichagua saa hiyo kwa sababu ndiyo saa ambayo watu wa Utende wananyamaza kwa moyo mmoja. Mzee Bakari akae mbele. Hemedi asome pamoja na dada yake, kama sauti ya Rehema itakatika. Nimezungumza naye, na ameniambia yeye mwenyewe atakupigia simu na atakungoja uwanja wa ndege.

Ukija, nina ombi moja. Usipige magoti mbele ya mtu, na radhi usimwombe mtu. Nenda nyuma ya nyumba, kwenye masufuria makubwa, kwa wapishi wa shughuli. Onja kijiko kimoja. Kama ni tamu, sema ni tamu. Halafu, mbele ya wote waliosema ulinihesabia, uliza kwa sauti yako ileile: humu mmetia nini? Wapishi nimekwisha kuwaagiza wakujibu kweli, nyama, mafuta, chumvi, na watu wangapi kwa sufuria. Wewe ukishajibiwa, nyamaza, ukanywe chai yako.

Na hao wengine, kila mmoja ajihesabie tonge lake.

Nakuaga, mwanangu. Radhi zangu zote ziko nawe, nawe uniwie radhi kwa kuchelewa.

Baba mkwe wako, niliyekuwa nasikia kila neno,
Utende